Chafya ya Kijaluba

Fundi saa hakuwahi kuvuta hata sigara moja, lakini nyumba yake imejaa zana za tumbaku za kale hadi mgeni hapati pa kuweka kikombe. Kuna viko vya mti vilivyochongwa kwa mkono, vingine vina alama za meno ya wenyewe. Kuna vinu vidogo vya kusagia ugoro, na mkasi wa kukatia tumbaku alioupata kwa kutoa saa nzima ya ukutani, akarudi nao nyumbani anacheka peke yake. Mkewe alikwisha kunyoosha mikono. Alichoomba ni kimoja tu, chumba cha kulala kibaki cha watu.

Hata humo kilipenya kimoja: kijaluba, kikopo cha bati alichowekea ugoro marehemu mama yake. Hicho fundi hukifungua mara moja kwa mwaka, siku aliyofariki mama. Hukisogeza puani, akapiga chafya ya kutikisa madirisha, akasema, "Mama huyo." Kisha hukifunga upesi. Harufu ile ikiisha, kwake yeye, mama naye atakuwa amekwenda moja kwa moja.

Mwaka huu mkewe alikwenda kumuuguza dada yake, akarudi siku yenyewe, hoi bin taabani. Hata mzigo hajautua, mumewe alikuwa amekwisha kukifungua. Akanusa. Akanusa tena, pua ikagusa bati. Wapi! Jamani, mtu mzima na mvi zake akakaa kitandani akalia, akisema kosa ni lake, amekifungua mara nyingi mno.

Mkewe hakuweza kuvumilia. Akatoa kikaratasi kilichokunjwa mkobani, akaungama. Harufu ya mama mkwe ilikwisha miaka kumi na miwili iliyopita. Tangu hapo, siku hiyo ikikaribia, yeye ndiye hutia ugoro kidogo wa sokoni. Mwaka huu amechelewa, basi.

Fundi akamkodolea macho. Yeye anayejua saa inachelewa kwa kuisikiliza tu, miaka yote hiyo kapigwa changa la macho ndani ya nyumba yake! Hasira ilimpanda, ikafika shingoni, ikashuka yenyewe. Alimpenda mwanamke huyu kupita kiasi. Akajifuta uso, akamsogezea kijaluba.

"Tia, mama watoto," akasema. "Ila ngoja kwanza nigeukie ukutani."