Gia Boksi ya Bi Salha

Kho. Kisha kimya cha kama pumzi mbili, kisha gari ikaruka mbele kama iliyopigwa teke. Mpaka leo naisikia sauti hiyo, ya siku yangu ya kwanza ya udereva, pale Malindi, nilipovuta mkono wa gia kutoka P kwenda D.

"Inakohoa tu," akasema mwenye gari, Bi Salha, aliyekaa nyuma na sufuria mapajani. "Ishazoea."

Mimi sikuzoea asilani. Watu hucheka nikisema nimestaafu udereva, na ujana wangu huu, lakini gari ile ilinizeesha. Nyinyi wadogo zangu mnaojifunza kuendesha, nisikilizeni.

Bi Salha alikuwa mpishi. Ramadhani ile alipata kazi ya kuwapikia futari wafanyakazi wa hoteli moja Kiwengwa, nami nikawa naipeleka kila alasiri. Meneja alimwambia wazi: chakula kikifika baada ya adhana hata siku moja, atatafuta mpishi mwengine. Na kazi nyengine Bi Salha hakuwa nayo.

Tukampelekea gari Fundi Haji. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, akakinusa, akakunja uso.

"Oili hii huwa nyekundu kama sharbati. Tazameni, imekuwa kahawa, na inanuka kuungua." Akatueleza kwamba ndani ya gia boksi ya otomatiki mna vibao vya klachi, vinashikana kwa nguvu ya oili. Vikiisha, injini inanguruma na gari haiendi. "Inataka gia boksi nyengine."

"Tumalize mfungo kwanza, fundi."

"Bi Salha, gari haijui mfungo."

"Basi nayo ifunge."

Nikawa naibembeleza kama mgonjwa. Nakanyaga breki, natia D, nangoja ile kho ipite, ndipo nagusa mafuta. Oili ya gia boksi naipima injini ikinguruma na imeshapata moto, si kama oili ya injini inayopimwa imezimwa. Kwa mwendo huo ingefika Idi, lau si Mjomba.

Mjomba ni kaka yake Bi Salha, dereva wa malori wa zamani. Akishika usukani, kila mteremko anaweka frii, ile N, gari ijiendee, eti anaokoa petroli, kisha anairudisha D kwa ghafla.

"Mjomba, otomatiki haitaki hivyo. Vibao vinasagika."

"Mimi nnaendesha lori wewe bado unanyonya."

"Lori lina pedeli ya klachi, Mjomba."

"Na hii ina mdomo. Wa dereva wake."

 

Siku moja katikati ya mfungo akataka kuendesha yeye. "Wewe unakwenda kama umebeba mayai," akasema. Karibu na Kinyasini tukapata mteremko. Akaweka frii. Chini akairudisha D, pakatoka mlio wa chuma, injini ikapiga kelele, gari ikasimama taratibu. Akakanyaga mafuta, wapi.

"Petroli hii imechanganywa," akasema Mjomba.

Jua lilikuwa limeshainama, na nyuma yetu kulikuwa na uji, muhogo wa nazi na sambusa za watu wenye njaa. Nikasimama barabarani kupunga mtandio. Ikasimama pikapu tupu iliyotoka kushusha mwani mjini, inarudi Kiwengwa. Tukapakia sufuria zote. Mbele palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Nenda wewe, Mjomba. Mimi nalinda gari."

Akaniangalia, akapanda.

Adhana iliponifikia kutoka msikiti wa mbali, nilikuwa bado nimekaa kwenye usukani. Baadaye kidogo simu ikalia.

"Mjomba amepiga," akasema Bi Salha. "Wamefika adhana haijaanza. Na gari?"

"Gari ndo basi tena, Bi Salha."

Gari hakuna, udereva wangu hakuna, sote wawili tulijua.

"Na wewe, mwanangu, ushafuturu?"

"Nshafuturu."

Nikakata simu. Nikawasha taa ya ndani, nikapapasa chini ya viti vya nyuma, nikaipata sambusa moja iliyodondoka tulipokuwa tunashusha. Nikaipangusa mchanga kwa ncha ya mtandio, nikasema bismillahi, nikala.