Mama Mkwe Alikaa Nyuma

Nakumbuka mlima ule, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu mwenyewe. Umekuja na leseni mpya mfukoni, umeniamkia vizuri, umeniambia umepata kazi ya kuendesha pikapu ya kusambaza mbegu, na kwamba Jumamosi umeruhusiwa kuitumia kuwapeleka wakwe zako kwa mama yako, mdogo wangu, kule juu mlimani. Unataka nikuombee. Nitakuombea, lakini kaa kwanza. Ukiona nakunja uso usidhani ni wewe. Aliyenikasirisha yuko hapo nje anaanika maharage, na masikio yake ni mazima, kwa hiyo anasikia kila ninachosema.

Bibi yako unamjua kwa picha tu. Alikuwa mtu wa kule milimani, mbele ya Rulenge, ambako nyumba ziko juu na maji yako chini. Misa hakosi, rozari haitoki mkononi, lakini mila ya wakwe aliishika kama alivyoikuta kwa mama yake. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawakai karibu, na wakikutana njiani mmoja anapisha pembeni na mwingine anajifunika kitenge. Ninyi siku hizi mnawakumbatia mama wakwe na kupiga nao picha, na mimi sisemi kitu. Mume wangu alikuwa ameshazaa mtoto na mimi na bado hakuijua vizuri sura ya mama yangu.

Mume wangu alikuwa dereva, na uongo dhambi, alikuwa dereva mzuri. Alifundishwa na Mzee Laurenti, mtu wa asili ya Burundi aliyeishi Rulenge tangu ujana wake na kuendesha magari kwenye milima hii wakati njia nyingi zilikuwa za mbuzi. Tajiri wake hapa Nyamahanga, mnunuzi wa maharage, alikuwa na Land Cruiser pikapu ya zamani, na Jumapili alimwachia aitumie kwa mambo ya familia. Ndiyo maana mama alipokuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, mume wangu aliahidi kwamba siku ya kurudi atampeleka mpaka mlangoni kwake. Wala hakumwahidi yeye. Aliniahidi mimi, nikapeleka ujumbe nyumba ya jirani, maana kulala chini ya paa la mkwewe mama hakukubali.

Siku ya safari ilikuwa baada ya mvua. Mbele kulikuwa na nafasi ya watu watatu. Nilimwambia mama nitakaa katikati, kati yake na mume wangu, na mtoto mapajani. Alinitazama kama niliyemtukana. Akapanda nyuma mwenyewe, akakaa juu ya magunia ya mahindi tuliyompa, akaniamuru nikae mbele kwa sababu mtoto atapigwa na baridi. Njia nzima nilikuwa nageuka kumwona kupitia kioo kidogo cha nyuma. Alikuwa ametupa mgongo ili asione hata kisogo cha mkwewe.

Tulipita Rulenge, tukaacha barabara kubwa, tukafika chini ya mlima wa kwao. Wewe umeupanda kwa miguu ukiwa mdogo. Ni udongo mwekundu, una kona moja katikati, upande mmoja ukuta wa ardhi na upande mwingine korongo linaloishia migombani. Madereva wote waliopita pale walikuwa na desturi moja: ukifika chini, unasimama, abiria wote wanashuka na kupanda kwa miguu, na mzigo wa nyuma unapunguzwa. Gari linapanda peke yake na dereva wake. Hata padri alikuwa anashuka. Mimi hayo sikuyajua, kwa sababu nilipokuwa binti wa pale hakuna gari lililokuwa linatufikia nyumbani. Nilijua kupanda mlima ule na ndoo kichwani.

Mume wangu aliyajua yote. Alisimamisha gari. Akashuka, akazungusha kwa mkono zile kofia za magurudumu ya mbele ili nayo yavute. Akapanda kidogo kwa miguu, akakanyaga udongo kwa kisigino, akaona maji yanavyotembea katikati ya njia. Akarudi. Alipopita nyuma ya gari aliinamisha kichwa, kama inavyompasa mkwe, na mama akajifunika kitenge, kama inavyompasa yeye. Nikamwuliza kama kuna tatizo. Akasema hakuna. Nilimwona ameshika usukani kwa muda bila kuwasha gari, mdomo wake ukifunguka na kufungika, nikadhani anasali.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye somo, na mimi somo hili nililipata nikiwa nimechelewa. Mlima wa namna ile unaupanda kwa gia nzito kabisa, ile ya kwanza, na kile kirungu kidogo cha pembeni kikiwa kwenye nguvu ya chini. Gari linanguruma, linatikisika, linatembea polepole kama ng'ombe mwenye mimba, lakini halisimami. Mume wangu hakutaka hivyo. Aliniambia baadaye, tena aliniambia akidhani nitamshukuru, kwamba alifikiria jinsi mama atakavyorushwarushwa kule nyuma kwa muda wote huo. Akaona aingize gia ya pili, aondoke kwa kasi, mlima uishe haraka na mama asiumie mgongo.

Tulipofika kwenye kona kasi ilikwisha. Injini ikaanza kukosa pumzi. Akakanyaga klachi ili arudi gia ya kwanza, na pale pale gari likawa halishikiliwi na kitu. Likarudi nyuma. Akakanyaga breki kwa nguvu zote, magurudumu yakafunga, na udongo ule ukiwa na maji gari lililofunga magurudumu halina dereva tena. Mkia ukageuka kuelekea korongoni. Nilisikia magunia yakiporomoka. Gari likalalia ubavu kwenye migomba ya kwanza, mimi nikiwa nimemkumbatia mtoto, na mtoto hata hakulia. Mama alikuwa chini zaidi, gunia moja likiwa juu ya miguu yake. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Watu walitoka migombani. Wanaume wanne walimweka kwenye machela na kumpeleka hospitali kwa miguu. Mume wangu alitaka kushika mti mmoja wa machela, mama akamwona, akajifunika uso kwa mkono wake wenye matope. Mume wangu akaachia. Akabaki amesimama njiani, mikono imening'inia.

Mzee Laurenti alifika alasiri na watu wa kuvuta gari. Nilikuwa nimerudi kuchukua nguo za mtoto, kwa hiyo nilikuwapo. Hakupaza sauti. Alizunguka gari, akaingiza kichwa ndani, akaona gia ilipoachwa, halafu akamwuliza mwanafunzi wake ni kwa nini kulikuwa na mtu nyuma kwenye mlima kama ule.

"Ni mama mkwe," mume wangu akasema. "Ningemwambiaje ashuke kwenye matope?"

"Mkeo alikuwa pembeni yako," mzee akamjibu. "Ungemwambia mkeo. Mimi nilikufundisha gari, na gari halina mkwe. Wewe umemheshimu mama wa watu mpaka umemvunja."

Akaokota kamba, akaenda kuifunga kwenye mti. Mume wangu akalia. Mimi sikumbembeleza. Nilisimama pale nikielewa kwa mara ya kwanza kwamba alijua. Kwamba alikanyaga ule udongo kwa kisigino, akajua, akarudi, nikamwuliza, akasema hakuna. Neno lile "hakuna" mimi sijalisamehe mpaka leo, na yeye anajua sijalisamehe, na bado namchemshia uji asubuhi.

Mama hakutembea tena. Mama yako alikuwa bado shule ya bweni, kaka hatukuwa naye, baba alikuwa ameshafariki. Ikabidi aje hapa, nyumbani kwa mkwewe, mahali ambapo asingelala hata usiku mmoja. Mume wangu alimjengea chumba chenye mlango wake wa nyuma ili wasikutane. Alichonga kitanda, akatengeneza kiti cha kumtolea juani, akakata dirisha upande ule wenye upepo. Vitu hivyo vyote alivifanya mama akiwa amepelekwa kwingine, na vilipokwisha aliondoka. Ndani hakuingia. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza mama, namwosha, nambeba, mgongo wangu ukiniuma, na mwanamume mwenye nguvu amekaa nje ya ukuta kwa sababu ya heshima.

Nilimwambia aingie akaombe radhi. Akasema hawezi. Nikaenda kwa mama, nikamwambia nitamleta. Mama akanijibu kwa ukali ambao sikuutegemea kwa mgonjwa: "Usimlete. Sina miguu, sasa unataka na heshima yangu nayo iondoke?" Kila jioni lakini aliniuliza kama mume wangu ameshakula. Kila jioni mume wangu aliniuliza kama mama ameshakula. Nilikuwa nawachukia wote wawili, mwanangu, nakuambia bila kuficha. Nilikuwa natembea kati ya vyumba viwili kama mkalimani wa watu wanaojua lugha moja.

Kwa hasira hiyo nikajifunza kuendesha. Nilikwenda kwa Mzee Laurenti nikamwambia anifundishe mlima kwanza, tambarare nitaijua mwenyewe. Alinikalisha kwenye usukani akanifundisha kuuweka mguu wa kushoto mbali, chini, usiiguse klachi gari likishaanza kupanda. Alinifundisha kuzima gari makusudi katikati ya mlima na kulirudisha kwa gia ya nyuma, nikiangalia njia niliyopanda nayo, bila kugeuza, bila kukanyaga klachi, injini yenyewe ikinishikilia.

Mama alipoona siku zake zinakwisha aliomba kwenda kuona nyumba yake. Mimi ndiye niliyeendesha ile pikapu, ilikuwa imeshatengenezwa. Kwa kuwa dereva alikuwa mtoto wake, alikubali kukaa mbele, akashangaa njia nzima jinsi dunia inavyoonekana kubwa kupitia kioo cha mbele. Mume wangu alikaa nyuma, amegeukia upande mwingine. Tulipofika chini ya mlima nilizima gari nikasema kwa sauti kila mtu ashuke. Tukamweka mama kwenye machela. Vijana wa pale walikuwa watatu tu, na bila kuitwa mume wangu akashika mti wa nyuma, upande wa kulia, ambako mama asingeweza kumwona.

Nilipandisha gari, nikaliegesha juu, nikarudi kuwapokea. Mama alikuwa amelala akitazama mawingu. Alinishika mkono akasema, taratibu, lakini kila mtu alisikia: "Huyo wa nyuma kulia ananibeba vizuri. Mwambie sikuwahi kumkasirikia."

Mume wangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu. Nikageuka nikamwambia, kwa Kiswahili kile kile, maneno yale yale. Akaitika kwa kichwa. Hayo ndiyo mazungumzo yao yote tangu nilipoolewa mpaka tulipomzika mama. Watu wanasema ilikuwa siku nzuri. Mimi niliona uchungu, na bado naona, kwa sababu kama kichwa kile kilichoitika kingekuwa na ulimi siku ile ya kwanza, mama angepanda mlima wake kwa miguu yake, akilalamika matope tu.

Basi mwanangu, Jumamosi ukifika chini ya mlima, simama. Shuka uutazame. Waambie wakwe zako washuke, na kama unaona haya, mwambie mchumba wako awaambie, lakini lisemwe kabla hujawasha gari. Watakununia, waache wakununie. Ingiza gia nzito ukiwa bado chini, usisubiri mlima ukuombe. Ukipanda, klachi iache. Ukikwama, usigeuze gari wala usifunge breki. Ingiza gia ya nyuma urudi ulikotoka, uanze tena, na atakayekucheka acheke. Ukiteremka, teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, na usije ukaweka fri, gari likashuka bila gia, hata kama wenzako wote wanafanya hivyo kuokoa mafuta. Na mtu akikuuliza kama kuna tatizo, na tatizo lipo, usimwambie hakuna. Heshima kwa mkubwa ni kumfikisha.

Haya, sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe mguu mtulivu na mdomo usioona haya. Awapandishe wakwe zako wakiwa wazima na awateremshe wakiwa wazima, na uzee wako usiwe na mtu wa kumwomba radhi kupitia ukuta. Sasa nenda ukamuage baba yako mkubwa, hapo nje kwenye maharage yake. Mwamkie kwa sauti, na usiondoke mpaka akujibu.