Sweta Zilizochuja Rangi

Sufu ikilowa hunuka kama mbuzi aliyenyeshewa, na kwa muhula mzima nyumba yetu katika mtaa wa Jericho, Nairobi, ilinuka hivyo. Harufu iliingia kwenye blanketi, kwenye sukuma wiki, hata kwenye nywele zangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na mama yangu alikuwa amenunua mashine ya kufumia sweta kutoka kwa jirani aliyekuwa akihama. Aliiweka juu ya meza ya kulia, nasi tukawa tunakula sahani zikiwa mapajani. Mashine ilikwaruza kwenda na kurudi, na mama aliufuata mlio wake kwa nyimbo za kanisani za Kikamba. Tangu tutoke Machakos sikuwa nimemsikia akiimba. Baba, aliyekuwa karani katika ofisi moja mjini, hakuipenda ile kelele. "Mama Mwende," alimwambia, "nakupa muhula mmoja tu, huu wa pili unaokuja. Ukishindwa, mashine inauzwa na meza yangu inarudi." Mama aliendelea kufuma. Alikuwa tayari ameongea na mwalimu mkuu wa shule yetu, na alikuwa ameahidi sweta thelathini za rangi ya damu ya mzee.

Uzi aliutoa Eastleigh. Kulikuwa na duka ambalo wafumaji wote walilitumia, lakini siku aliyokwenda mama alikutana na mchuuzi nje ya duka hilo, mwenye magunia ya uzi laini ajabu, rangi iliyokolea, bei ya chini. Aliushika, akaupitisha shavuni, akaununua wote. Sweta ya kwanza alinivalisha mimi. Nilienda nayo bombani kuchota maji, mkono ukalowa, na nilipokunja mkono wa sweta niliona kifundo cha mkono kimekuwa chekundu kama nimejikata. Nilikifuta kwa sketi. Niliporudi nyumbani mama alikuwa akiimba, sweta tano zimekunjwa vizuri kitandani, na nikafikiria mashine ikibebwa kupitia mlango ule. Nikanyamaza.

Sweta zilifika shuleni muhula wa pili ulipofunguliwa, na mvua bado ilikuwa inanyesha. Wiki hiyo hiyo mvua ilitupata uwanjani, tukiwa tumepangwa mistari kwa gwaride la asubuhi. Wenzangu walianza kujitazama. Kola nyeupe ziligeuka waridi, kisha zikawa nyekundu, na matone yakashuka miguuni hadi kwenye soksi. "Mwende, mama yako anauza sweta ama rangi?" mmoja akapiga kelele, na mstari mzima ukavunjika kwa kicheko. Mimi pia nilikuwa nachuruzika. Mwalimu wa zamu aliturudisha nyumbani tukabadilishe, na tulipita katikati ya mtaa kama watu waliotoka vitani.

Kabla ya saa kumi jioni, akina mama walikuwa mlangoni kwetu na mashati kwenye mabeseni. Mbele yao alikuwa Mama Njeri, jirani yetu wa mkabala. "Mama Mwende! Toka nje uone kazi yako!" Nilidhani mama angejificha, au angesema wamefua vibaya. Alitoka, akachukua shati moja, akaligeuza ndani na nje. "Ni kazi yangu," alisema. "Leteni zote. Sweta na mashati. Kila mtoto atapata sweta nyingine." Mtu akacheka kwa nyuma. Mama alimtafuta kwa macho mpaka akanyamaza. Baba aliporudi na kukuta lundo jekundu sebuleni, alisema neno moja tu: "Nilisema." Mama alikuwa anaitengeneza sindano ya mashine. "Muhula haujaisha," akamjibu.

Hapo ndipo nilipolia na kumweleza mambo ya bombani. Nilingoja kofi. Mama aliweka sindano chini. "Kwa hivyo uliona?"

"Niliona."

"Na mimi niliona bei nikasahau kuuliza kwa nini. Basi tumekosa wawili. Kesho utanisindikiza."

Jumamosi yote tulizunguka nyumba kwa nyumba, na katika kila mlango mama alieleza kosa lake, kisha akanisukuma mbele nieleze langu. Kwa Mama Njeri nilisalimia mara mbili. "Niliona inachuja nikanyamaza," nilisema hatimaye. Alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. Kisha akaniwekea mkononi shati la Njeri, ambalo hakuwa ameliacha kwetu. "Basi hili utalifua wewe." Nililifua mara sita. Halikurudi kuwa jeupe, lakini alilipokea.

Mama alijaribu kuziokoa zile sweta. Ya kwanza aliitia kwenye maji yanayochemka, ikatoka imejikunja, haimtoshi hata mtoto wa kutambaa. Ya pili aliiloweka kwa chumvi, ikaendelea kutoa rangi. Aliuza saa yake ya mkononi, tukarudi Eastleigh, safari hii na chupa ya maji na kitambaa cheupe. Katika kila duka alilowesha uzi na kuusugua kwenye kitambaa mbele ya mwenye duka. "Mama, unaniharibia mali!" mmoja alifoka. "Kama ni mali," mama alisema, "haitaharibiwa na maji." Maduka mawili yalitufukuza. Katika la tatu kitambaa kilibaki cheupe. Alifuma upya zote thelathini, mimi nikishona mikono na kola, na watoto karibu wote wakazivaa kabla muhula haujafungwa. Wazazi wawili walikataa kuzipokea na hawakutusalimia tena miaka yote tuliyokaa pale. Shule nayo ilimpa mfumaji mwingine kazi iliyofuata. Lakini Mama Njeri alileta uzi afumiwe sweta ya kanisani, na baada yake wakaja wengine. Baba hakukiri kwamba alikosea. Ila siku moja alirudi na meza nyingine begani.

Mama alifuma mpaka macho yalipomkataza. Leo nina karakana ya sare kule Komarock na mafundi wanne, na kila mwezi kuna mtu wa kuniambia kwamba biashara hii imekufa, kwamba nguo za kutoka nje zimetumaliza, kwamba mwanamke wa umri wangu apumzike. Siku hizi kosa la biashara lina maneno mazuri ya kulifunika, na simu ya kuzimwa mteja akilalamika. Mwaka jana nilipeleka sweta shuleni na mikono yote ikawa mifupi; nilikosea kipimo mimi mwenyewe. Fundi wangu mmoja alinishauri tuseme watoto wamerefuka. Nilizipakia zote, nikaenda kusimama mbele ya wazazi mkutanoni, nikawaambia nimekosea na nitazirudisha Jumatatu zikiwa zimerekebishwa. Baba mmoja aliguna, akauliza kama bado najua hii kazi. Nilimwambia anisubiri getini Jumatatu. Nilifika na mzigo saa moja asubuhi. Yeye ndiye aliyechelewa.