Kicheko Kilichomtoa Mabula Mchezoni

Kosa ni langu, sina wa kumsukumia. Jina langu silitaji kwa sababu bado nasoma hapahapa Mwanza. Na huyu mwenzangu nitamwita Mabula, ingawa siyo jina lake. Lake nimeshalichafua vya kutosha.

Mimi ni mchekeshaji. Mwalimu akigeukia ubao, sauti yake inahamia kwangu. Msibani nimeshatolewa nje. Hata ticha wetu wa michezo, mtu ambaye meno yake huyaona daktari peke yake, nilikuwa namchekesha.

Mimi na Mabula tulicheza jimnastiki pamoja. Yeye mwepesi, anaruka. Mimi nina mabega, nabeba. Alikuwa anasimama kwa mikono juu ya mikono yangu, kichwa chini miguu juu, mpaka watu wanasahau kupumua. Magodoro yetu yalikuwa magunia tuliyoyajaza pamba chafu kutoka kiwanda cha kuchambua pamba. Nguo za kubana tulizichagua kwenye mitumba, tukaja kuambiwa baadaye kwamba ni za akina mama wa Ulaya za kuogelea. Tukazivaa hivyohivyo!

Ukimbeba mtu namna ile unamjua kuliko ndugu yako. Unajua leo amekula au hajala. Na mimi peke yangu pale shuleni ndiye niliyejua kwamba Mabula ana chale. Ziko nyuma, kiunoni, mistari midogo. Siku moja tunaoga ziwani nikamuuliza. Akaniambia alipokuwa mchanga alishikwa na degedege, akapelekwa kwa bibi mmoja kijijini, akachanjwa. Akanisihi nisimwambie mtu, kwa sababu baba yake siku hizi ni mzee wa kanisa, na kanisani kwao mambo ya chale hawataki hata kuyasikia.

Nikamwambia hilo limekufa.

Halikufa.

Siku hizi za soko huria kila mwenye kiwanda anataka jina lake liandikwe mgongoni mwa mtoto wa mtu. Kuna kampuni ya minofu ya samaki inayotoa tuzo kila mwaka kwa chipukizi bora wa jimnastiki huku kanda ya ziwa. Mwaka huu tukateuliwa watatu: mimi, Mabula na msichana mmoja wa Musoma. Mshindi angepewa kombe, apelekwe Dar likizo nzima kufundishwa na walimu wa kweli, kwenye magodoro ya kweli. Mabula alikuwa hajawahi kuvuka Usagara, hapo nje tu ya mji. Na tuzo ilikuwa yake, hilo hata mimi nililijua.

Kabla ya siku yenyewe, wenye kampuni wakaandaa mchana wa kututambulisha. Ukumbi ukajaa: wanafunzi, wazazi, soda za bure, na kwaya ya kanisa la akina Mabula. Kila mteule aseme maneno machache. Msichana wa Musoma akamshukuru Mungu. Mabula akamshukuru Mungu na ticha. Nami nikapewa kipaza sauti.

Nikaanza na ticha, wakacheka. Nikaingia kwenye zile nguo za kuogelea, wakacheka zaidi. Jamani, kicheko cha watu wengi kinalewesha! Nikawa natafuta kingine cha kuwapa na sina. Hapo ndipo mdomo ukanitangulia.

"Mnadhani huyu ana mifupa?" nikawauliza. "Huyu alichanjwa dawa ya wacheza chatu. Alama ziko kiunoni, mwambieni apandishe shati."

Ukumbi ukalipuka. Nani huku kwetu asiyejua habari za wacheza ngoma wanaocheza na chatu, na dawa wanazochanjwa ili washinde? Hata Mabula alicheka. Lakini mkono wake ulikwenda wenyewe nyuma, kiunoni, ukalishika shati lisipande.

Waliokaa mbele wakauona ule mkono. Kwaya ikauona. Baba yake akauona. Kicheko kilianza kufa kwenye viti vya mbele, kikaendelea kufa kurudi nyuma, mpaka ikasikika chupa moja tu ya soda inabingirika sakafuni.

Jumapili wazee wenzake wa kanisa walimwita baba yake Mabula kikaoni. Jumatatu Mabula hakuja mazoezini.

Nilipanda mwenyewe mpaka kwao Ilemela, nyumba iko juu kwenye mawe. Nilimkuta baba yake anatengeneza mlango wa banda la kuku. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Bora angenifukuza.

"Baba, yale niliyosema ni uongo," nikamwambia. "Nilikuwa natania. Niko tayari hata kusimama kanisani niseme."

"Chale uliziona, hukuziona?"

"Niliziona, baba."

"Sasa uongo uko wapi? Mimi ndiye niliyempeleka, kabla sijaokoka. Mtoto alikuwa ananifia mikononi." Akapigilia msumari, akautazama kama umekaa sawa. "Sina ugomvi na wewe, mwanangu. Ila huyu hataruka tena. Kila akishinda watasema ni ile dawa."

Nikarudi shuleni, nikaanza kuwaeleza watu. Nikasema ni ugonjwa wa utotoni, hakuna dawa ya chatu, nilitunga mwenyewe. Wakanitazama huku midomo imeshaanza kutabasamu, wanasubiri nifike penye kuchekesha. Nilipoapa, wakacheka. Miaka yote nimewafundisha kwamba nikikunja uso ndiyo utani unakuja. Walikuwa wamefuzu.

Siku ya tuzo Mabula hakutokea. Msichana wa Musoma aliteleza wakati wa kutua. Nikapewa mimi.

Wenzangu walinibeba juujuu. Mmoja akaniambia mimi ni mjanja sana, nimemwondoa mpinzani kwa mdomo bila kumgusa. Wengine wakadakia, kila mtu akanipongeza kwa akili nyingi. Nikacheka nao. Sikujua uso mwingine wa kuvaa.

Dar nako vijana niliowakuta kila mmoja alikuja na mwenzake. Mwalimu akaniuliza wangu yuko wapi, nikasema anaumwa. Basi nikawa nafanya mazoezi ya kubeba pembeni, peke yangu, mikono juu, viganja wazi, hakuna uzito. Yale magodoro laini yote sikuwa hata na mtu wa kuyasifu naye.

Niliporudi, Mabula alikuwa ameshahama dawati letu. Siku moja nikamfuata ufukweni, anaosha baiskeli ya baba yake. Nikamwambia watu wanasema nilifanya makusudi ili nishinde, lakini yeye ananijua, sikuwa na shida na kombe.

"Najua," akasema. "Ungekuwa unalitaka kombe, ningekuelewa. Wewe ulitaka wacheke tu."

Akaendelea kusugua spoku.

Ndugu yangu mwenye mdomo kama wangu, nakuomba. Mtu akikuonyesha pale anapopaficha, usiende kupafungulia watu hata kama ukumbi mzima unakusubiri. Watacheka, wataenda makwao wakale. Wewe utabaki na mwenzako ambaye hataki hata kukugombeza.

Darasani bado nachekesha, maana wamenizoea hivyo. Wakitaka kucheka wananitafuta mpaka chooni. Ila wakiwa wamekaa wawili wanaelezana jambo la moyoni, nikitokea tu, wananyamaza.