Stempu za Mzee Jaribu Zawatibu Punda wa Pemba

Saa tatu asubuhi, barua zimeshafunguliwa. Jaribu Nyange, tarishi wa ofisi moja ya wanunuzi wa karafuu mjini Chake Chake, anapita meza hadi meza akiokota bahasha tupu. Anakata kwa mkasi pembe yenye stempu, akiacha ukingo wa karatasi pande zote, kisha anaitia ndani ya kopo la biskuti.

"Ukiibandua kwa nguvu inachanika meno yake ya ukingoni," anasema. "Na stempu isiyo na meno hainunuliwi."

Hilo alijifunza kwa uchungu. Mwaka 1958, daktari wa mifugo aliyezuru Pemba alimweleza kwamba kipo chama Uingereza kinachouza stempu zilizotumika kwa watu wanaozikusanya, na fedha zake hununua dawa za wanyama. Jaribu alikusanya miezi minane, akazibandua zote kwa kisu, akazipeleka. Likaja jibu la heshima: karibu zote zimeharibika; siku nyingine azikate pamoja na karatasi yake.

"Nilitaka kuacha," anakiri.

Mkewe, Bi Mwanawema, ndiye aliyemzuia. "Nilimwambia, bwana wee, watu wamekuandikia barua nzima kukufundisha. Asiyekutaka angekufundisha?"

Mzee huyu wa miaka hamsini na mbili hakuanzia ofisini. Ni mzaliwa wa Vitongoji, na ujanani alichukua magunia ya karafuu kwa punda. Msimu mmoja punda wake alitoka kidonda mgongoni. Jaribu akatandika gunia juu yake, akaendelea kupakia. Mnyama akaanguka njiani, asiinuke tena.

"Nilijua anaumwa, na nikampakia," anasema. "Hilo siwezi kuisingizia kudura."

Mara ya pili alipeleka ratili nne za stempu, zote nzima. Machi mwaka huu wa 1960 kikaja kifurushi: makopo kumi na mawili ya marhamu ya kupaka vidonda na matandiko sita yaliyojazwa sufi. Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya sala, hupanda baiskeli kwenda vijijini kutibu punda.

Bi Time Hamad wa Pujini, mjane anayepeleka muhogo sokoni kwa punda wake, alikuwa miongoni mwa waliomcheka.

"Nikimwita Mzee Vikaratasi," anasema huku akijifunika uso kwa kanga. "Kisha mgongo wa punda wangu ukaoza. Jirani akanambia, mwache akafie huko. Nikaona haya, lakini nikamwita. Akaja siku ile ile, wala hakunikumbusha maneno yangu."

Jaribu alisafisha na kupaka dawa kwa wiki tano. Leo punda yule anabeba tena, juu ya tandiko laini, na Bi Time humwekea mzee bahasha za mwanawe aliye Mombasa.

Chama kimeahidi dawa kila mwaka stempu zikiendelea kufika. Mwezi ujao Jaribu atakwenda Wete kuziomba ofisi za huko bahasha zao. Akistaafu, anataka kujenga kibanda karibu na soko.

"Mtu aje na punda wake mwenye kidonda bila kuogopa kuchekwa," anasema. "Sitamuuliza kitu. Nitamwambia tu: tumshushe mzigo kwanza."