Mama Mkwe Mlimani

Mume wangu alifundisha jiografia katika shule ya Wametodisti hapa Kamina kwa miaka kumi na minne bila kupanda mlima hata mmoja. Kamina ni tambarare. Kitu kirefu kuliko vyote tulichokuwa nacho kilikuwa tangi la maji la stesheni. Aliposema kwamba milima ipo, wanafunzi walimwamini kwa sababu ya mtihani tu.

Siku moja akapata gazeti kuukuu la Kifaransa lenye picha za wazungu wakipanda mlima, mume, mke na mtoto wao, mifuko mgongoni, wote wakicheka. Kilichomshangaza ni kwamba huko juu hawakuwa na kitu. Hawakuwa na shamba, wala ndugu, wala madini. Walipanda, wakatazama, wakashuka.

"Hii njo vacances," aliniambia, yaani likizo, akigonga picha kwa kidole. "Siye tunajua tu kwenda kulilia maiti."

Safari ilipangwa Agosti, wakati wa kiangazi, kama watu wenye akili wanavyofanya. Agosti hiyohiyo vita vya pili vya nchi yetu vikaanza. Ndege za kijeshi zikajaa kwenye kambi iliyo nje ya mji, na mume wangu akaahirisha likizo kwa majuma mawili, maana redio ilisema mambo yatakwisha upesi. Desemba ilipofika redio ilikuwa bado inasema hivyo. Shule zilifungwa kwa ajili ya Noeli, na mvua ilikuwa inanyesha kila siku baada ya saa nane.

"Vita haiishi, mvua haiishi, na minyi niko nazeeka," akasema. "Tunaenda."

Majirani walitoka nje kutuona tukifunga mizigo. Waliuliza tunamkimbia nani. Nilipojibu kwamba tunaenda tu kutembea mlimani, mama mmoja wa kanisani kwetu aliniangalia kwa huruma.

"Kutembelea mulima? Muko na ndugu kule?"

"Hapana, mama."

"Basi nani atawapikia?"

Tulikuwa watatu. Wa kwanza ni mume wangu, mwenye fimbo, dira ya shule na turubai la plastiki aliloazima kwenye stoo ya kanisa letu. Wa pili ni mimi, karani wa shule, niliyezoea kuandika yanayosemwa mikutanoni, na niliyekwenda ili mtu mmoja arudi na maelezo yanayoeleweka. Wa tatu ni mdogo wangu, mwalimu wa hesabu, ambaye milima haikumhusu hata kidogo. Yeye alikuja kwa sababu ya msichana.

Msichana huyo alikuwa wa familia ya wakulima, Wakatoliki wa siku nyingi, ambao kijiji chao kiko chini ya vilima vinavyoteremka kuelekea ziwa Kisale. Walipendana Kamina, msichana alipokuwa akisoma ushonaji. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku moja ya Agosti mimi na mume wangu tulipompeleka mdogo wangu kijijini ajulishwe. Kwetu Waluba mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, wala hakai naye chini ya paa moja. Sisi tuliokulia kwenye kambi ya reli, kati ya kwaya na shule ya Jumapili, tulidhani hayo ni mambo ya mababu. Basi mama wa msichana alipotokea nyuma ya jiko na beseni la mihogo kichwani, mdogo wangu alisimama, akanyoosha mkono, akasema kwa sauti nzuri ya mjini, "Bonjour, maman!"

Beseni lilianguka. Mama alikimbilia nyuma ya banda la kuku na hakutoka mpaka tulipoondoka.

Baada ya hapo yakaja maneno kwamba familia inafikiri. Baba wa msichana alisema yeye hana neno, mwenye kuamua ni mke wake, maana ndiye aliyetukanwa. Miezi minne ilipita. Mdogo wangu alikonda. Aliposikia kwamba shemeji yake anatafuta watu wa kupanda vilima vile, alijiandikisha kabla sijamaliza kucheka. Alitumaini kukutana na mtu yeyote wa kijiji kile ampe salamu na heshima zake zote azifikishe kwa mama.

Lori la mahindi lilitubeba siku ya kwanza. Kwenye kizuizi askari alituuliza tunakokwenda, akafungua daftari lake.

"Sababu ya safari?"

"Vacances," mume wangu akasema.

"Papa, bantu banakufa, weye uko unaniambia vacances?"

"Hata bale banakufa, bangependa vacances."

Askari alifikiri, kisha akaandika: hakuna sababu. Katika karatasi zote rasmi nilizoziona mwaka ule, hiyo ndiyo iliyokuwa ya kweli kuliko nyingine.

Siku ya pili tulipanda. Sitawadanganya kuhusu uzuri wa mlima wakati wa mvua. Njia ilikuwa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, nyasi zilitupita kichwa na kila jani lilikuwa na maji yake ya kutumwagia shingoni. Mume wangu alianguka mara sita. Niliandika zote. Karibu na kilele alisimama, akanyoosha fimbo kwenye ukungu mzito, akatangaza, "Pale njo ziwa Kisale." Angesema ni Brussels ningemwamini vilevile.

Hapo mvua kubwa ikaanza, na radi. Chini kidogo, kando ya shamba la mahindi, tuliona kibanda cha nyasi kinachofuka moshi. Tukakimbia. Mimi niliinama na kuingia kwanza. Ndani palikuwa na moto, mbuzi wawili, kikapu cha mahindi, na mama mmoja aliyeketi juu ya kigogo. Nilimtambua kabla hajageuza kichwa: mama wa yule msichana.

"Mama!" nikasema. "Ni sisi wa Kamina."

Alianza kutabasamu. Kisha macho yake yakapita juu ya bega langu, akaona nani anakuja, akajigeuza ukutani na kujifunika kitenge kichwani. Mdogo wangu aliona mgongo ule, akaelewa, akarudi nyumanyuma mpaka kwenye mvua. Alisimama hatua tano kutoka mlangoni, uso ameuelekeza kwenye mahindi. Mume wangu aliingia, akasalimu, akaketi kati ya mbuzi.

Mama alinieleza kwamba kikosi cha askari kilipita kijijini, kikachukua mbuzi na wanaume wa kubebeshwa risasi, kwa hiyo wanawake wamepandisha wanyama mashambani. Mume wake amejificha kwingine, na binti yuko salama kwa shangazi yake ng'ambo ya mto. Mvua ilizidi. Akaniuliza mimi, kwa sauti iliyoweza kusikika mpaka kwenye mahindi:

"Ile mutoto iko anafanya nini mu mvula?"

"Anakuheshimu, mama."

"Umuambie radi ikimupiga, batasema minyi njo niliua mukwe hata mbele ya ndoa."

Nikatoa kichwa nje. "Mama anasema radi itakupiga."

"Nimesikia, yaya," akajibu, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, meno yakigongana. "Umuambie mama niko muzuri. Nimekosa mara moja, sikosi mara mbili."

Nikarudi ndani. "Anasema..."

"Nimesikia!"

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa nusu saa, kubeba maneno hatua tano kati ya watu wawili wenye masikio mazuri. Hatimaye mama alichoka. Alichukua ungo, akauweka mbele ya uso wake na kutoka nje, akiniagiza nimwambie mkwe aingie, yeye atakaa mvuani, ni mtu mzima amezoea. Mdogo wangu alipoona ungo unatoka, alikimbia akazunguka nyuma ya kibanda. Sasa mmoja alikuwa analoa mbele, mwingine analoa nyuma. Ndani, pakavu kabisa, tulikuwa mimi, mume wangu na mbuzi, na mume wangu alikuwa amekwisha kuanza mahindi ya kuchoma ya wenyewe.

"Hii jambo haina jiografia," akasema. Alifuta mkono, akafungua mzigo, akatoa turubai. "Vita imekata nchi nzima mara mbili. Tukate na hii nyumba."

Alilifunga toka ukuta mmoja, kupitia nguzo ya katikati, mpaka ukuta wa pili, kutoka juu hadi chini. Kisha akatoboa tundu katika nyasi za ukuta wa nyuma ili mdogo wangu apate mlango wake mwenyewe. Nilitoka kumweleza mama. Alisimama na ungo wake, maji yakitiririka kwenye kitenge, akafikiri kwa muda mrefu kuliko hakimu yeyote niliyemwona.

"Kama kuko ukuta, na kuko milango mbili," akasema mwishowe, "ile ni nyumba mbili. Paa iko moja kwa sababu bantu balikuwa maskini."

Wakaingia, kila mmoja kwa mlango wake. Mama alipasha mikono motoni. Mdogo wangu alikaa gizani upande wa pili, anatetemeka kiasi kwamba turubai lilitikisika. Mama alichagua mahindi mawili makubwa ya kuchoma, akanipa, akaelekeza kidevu kwenye turubai. Nikayapitisha chini.

Tukasubiri. Hakuna sauti ya kutafuna.

Nilichungulia. Mdogo wangu alikuwa ameshika hindi kwa mikono miwili kama mshumaa wa Pasaka. Hakuwa ameweka kitu tumboni tangu asubuhi. Akaninong'oneza, "Yaya, atanisikia nikitafuna. Ni sawasawa na kula mbele yake." Nilimwambia ale polepole. Alitia punje moja mdomoni, akaing'ata. Ilikuwa ngumu, ikalia ko! Akaimeza nzima kama dawa.

Mama aliangalia moto, aliangalia turubai. Niliona midomo yake inajibana, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti sikujua kama ni hasira au ni kitu kingine. Kisha akakohoa, akanyoosha mgongo, akaanza kuimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti kubwa kabisa, sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya bonde. Mbuzi walisimama.

Nyuma ya turubai, mdogo wangu alianza kutafuna.

Alikuwa mwimbaji wa besi katika kwaya yetu, kwa hiyo alijua kufuata. Mama alipopandisha sauti, yeye alitafuna kwa nguvu. Mama alipovuta pumzi, taya zake zilisimama. Beti zilipokwisha mama alirudia mwanzo. Mume wangu, Mmetodisti wa kuzaliwa, ambaye hajapata kumwomba Bikira chochote, aliitikia kiitikio kwa sababu, alisema baadaye, mtoto alikuwa bado na hindi la pili.

Ulipofika mzunguko wa tano sauti ya mama ilikuwa inakwaruza. Akanigeukia.

"Umuulize kama amekwisha shiba. Shingo iko inaniuma."

Sikuuliza. Jibu lilitoka lenyewe gizani, "Aksanti, umuambie mama nimeshiba."

"Umuambie," mama akasema, "baba zake bakuye kisha ya mavuno, tupange siku ya ndoa. Lakini yeye abakie kwabo."

Nilifungua mdomo nipeleke ujumbe. Nyuma ya turubai tulisikia mdogo wangu, kwa furaha, amesahau kila kitu, aking'ata hindi lililobaki kwa meno yote. Mama yule akaziba masikio kwa mikono miwili, akafumba na macho, na kutuambia tuimbe upesi.