Samaki wa Dhahabu na Donge la Fufu

Naikumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Butembo, mwanangu. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya sanduku la kioo la samaki, chujio la chai mkononi, nikitoa madonge ya fufu majini kabla nyanya yako hajarudi kutoka misa. Nilikuwa naiba chakula ambacho yeye, mama yangu mwenyewe, alikitoa kwa moyo mweupe.

Najua utacheka nikikuita mwanangu. Nimemaliza chuo juzi tu, na kwa umri ni kama dada yako. Lakini mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu, na kwa kuwa kesho unawashusha samaki hao Beni ukawafuge mwenyewe, shangazi yako hatatulia mpaka akuambie haya.

Wakati huo nyanya yako alikuwa amefika kwetu akikimbia kutoka shamba lake la kakao upande wa Beni, baada ya kijiji kushambuliwa. Alikaa sebuleni kutwa bila neno. Ukimuuliza jambo, anajibu kwa kichwa. Kitu cha kwanza alichokifanya kwa hiari yake kilikuwa kumega fufu na kuwatupia samaki wa dhahabu ambao baba yako aliwaleta kutoka Kampala. Samaki walipanda juu wakapokea, na yeye akatabasamu.

"Hapa kwa nyumba hapana mutu anapita bila kula," alisema.

Kwetu, unajua, fufu ya muhogo ndiyo ugali wetu, na asiyekula fufu hajala. Basi majirani waliokuja kumpa pole nao wakamuiga. Kila mgeni alimega lake akatupa. Mmoja aliuliza kama samaki hao hawadai na sombe, majani ya muhogo, ya kulia fufu, na nyanya yako akacheka. Ningewezaje kukizima kicheko hicho?

Nilijua fufu haiwafai. Nilikuwa nimesoma kwamba inawavimbia tumboni na kuchafua maji. Tayari yule mkubwa mwekundu alikuwa anaelea kiubavu, tumbo limejaa, na maji yamekuwa kama yaliyooshewa mchele. Lakini nikimkataza Mama, atarudi kwenye kimya chake. Nisipomkataza, samaki atakufa, na Mama atakuwa ameona kifo kingine, tena cha mkono wake. Nikikaa nawaza, nikisimama nawaza. Nilipanga maneno, nikayaacha, nikayapanga upya. Mwishowe nikaamua kutoa fufu kwa siri. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Asubuhi ile nyanya yako alirudi mapema, akanikuta na chujio.

"Kavira, unafanya nini na chakula yangu?"

Nikaanza kusema habari za usafi, za baridi, sijui za nini. Alifungua kitambaa cha kichwani, akakaa.

"Unaniangaliaka kama yai," alisema. "Nilitembea ile njia yote na mutoto ya jirani mugongoni. Donc ni habari ya samaki ndiyo itaniua?"

Niliweka chujio chini. Machozi yalikuwa karibu, yangu, si yake.

"Sema tu. Banakulaka nini?"

Nikamwambia. Kwamba huyu mgonjwa apumzike kwanza bila kula, kisha apewe njegere iliyochemshwa na kumenywa. Kwamba wote wanahitaji mboga, na minyoo mara moja moja, pamoja na chakula chao cha kopo, vyote kidogo kidogo.

"Kumbe na yeye iko na Kwaresima yake," alisema.

Kisha alichukua jembe, kwa mara ya kwanza tangu afike, akaenda nyuma ya nyumba kuchimbua minyoo. Alinigombeza kwa kuikata vipande vikubwa mno. Nilifurahi kugombezwa.

Hata hivyo yule mkubwa hakupona. Nilimkuta ameelea, nikamfunika kwa gazeti, nikazunguka naye nyumbani nikitafuta pa kumficha. Ndivyo nilivyo.

"Toa hiyo gazeti," nyanya yako alisema nyuma yangu. "Nimeisha kumuona."

Alimtazama kwa muda mrefu. Nikadhani kimya chake kimerudi. Halafu akasogea karibu na kioo.

"Bengine habayakula bado. Leta njegere."

Basi, mwanangu, sikia. Usiwape samaki kitu kimoja kila siku, hata kama wanakipokea kwa furaha. Leo chakula cha kopo, kesho njegere au mchicha, lengalenga yetu, iliyochemshwa na kukatwa laini, siku nyingine minyoo iliyooshwa vizuri au viluwiluwi vya mbu. Kiwe kiasi wanachomaliza ukiwa bado umesimama hapo, na siku moja katika juma uwaache wapumzike. Mabaki yatoe upesi, maana Beni kuna joto na maji hayakawii kuharibika. Wema hauozi, ni kweli, lakini fufu ndani ya maji inaoza.

Wageni watakuja na mikate yao. Usifanye kama shangazi yako na chujio lake. Waambie usoni, kwa upole, kisha uwatilie njegere mkononi watupe wao. Usikae ukipima nani anaweza kubeba ukweli na nani hawezi. Mimi bado napima. Hata sasa nawaza jinsi lori litakavyotikisa maji njiani, na kama utanipigia simu mkifika. Lakini hili nimelijua: mtu unayemficha jambo ili asiumie, umemnyima pia nafasi ya kusaidia.

Mungu akutangulie kwenye barabara ile, akufikishe kwa amani. Mkono wako usikose cha kutoa, na ujue mahali pa kukomea.